Mama Mchungaji Anataka Anwani ya Chuo Changu

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeegemea meza ya kukandia unga, mikono nimenawa lakini karatasi utaiona ina madoa, univumilie tu, na nakusihi unijibu kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, maana Jumapili hiyo ikifika sijapata neno lako mimi nitaugua, na nitaugua kweli, siyo kwa kusingizia.

Mimi ni mwokaji mikate, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, naishi na mama yangu mzazi, na kanisani kwetu wananipenda mno, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia. Shangazi, nilikuwa mfungwa. Haya, nimeshaandika, na kalamu haikuvunjika. Miaka minane iliyopita nilikuwa mtunza stoo ya mashuka katika hospitali moja, nikaiba mashuka, na siyo mawili matatu, niliyabeba kidogo kidogo kwenye begi la nguo, nikifika nyumbani nayatia rangi ya kijani kwenye beseni, kisha nayauza kama mapazia, na watu waliyasifia kweli, mpaka siku pazia moja lilipofuliwa mara ya tatu, rangi ikakimbia, mhuri wa hospitali ukajitokeza katikati ya dirisha la sebuleni, na mwenye pazia alikuwa wifi yake mkuu wa wauguzi, na mkuu wa wauguzi alikuwa amekaa hapo hapo sebuleni anakunywa chai. Sikubisha hata kidogo. Nilihukumiwa miezi kumi na minane.

Sasa mama yangu, ambaye maisha yake yote sijawahi kumsikia akidanganya, majirani walipomwuliza mbona binti haonekani, alishikwa na kigugumizi, akasema, "Yuko chuo cha upishi, huko mbali." Alisema mara moja tu, lakini ukishamwambia jirani binti yako yuko chuo, kesho anakuuliza anaendeleaje, keshokutwa anakuuliza mitihani lini, kwa hiyo mama ikabidi anifanyishe mitihani, akanifaulisha, akanipa na nafasi ya tatu, maana kunipa ya kwanza aliona ni kuzidisha. Na mimi kule gerezani, kwa maajabu ya Mungu, nilipangiwa jiko la mikate! Kwa hiyo nilirudi nyumbani najua kuoka kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, na majirani wakasema, kweli chuo kimemkubali.

Huko huko ndani ndiko nilikompata Yesu. Walikuwa wanakuja akina mama wa kanisa kila Jumamosi, na mmoja wao, mama mtu mzima asiye na meno ya mbele, alikaa nami kwenye benchi, wala hakuuliza nimefanya nini, akauliza, "Jina lako nani, mama?" Shangazi, nilikuwa nimeitwa kwa namba miezi minne mfululizo. Nililia mpaka askari akaja kuangalia kuna nini. Yule mama akaniambia, "Mbele za Mungu wewe si kesi, wewe ni binti yake," na mimi nikayashika maneno hayo, nikabatizwa mle mle ndani, na nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kanisani, sijakosa ibada tangu hapo, labda mara moja nilipoumwa jino.

Lakini mambo ya ndani yamenigandia, na yananiumbua. Sijui kuoka kwa kiasi kidogo. Mara ya kwanza mtu kuniagiza keki ya mtoto wake nilipima kwa mkono niliouzoea, ikatoka keki ya kulisha watu mia mbili, ikabidi mtaa mzima ualikwe kwenye sherehe ya mtoto wa mwaka mmoja. Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu, akiingia jikoni nasimama wima, na siku moja aliniita kwa ghafla nikaitika, "Ndiyo, afande!" akacheka mpaka akashika ukuta, akadhani namtania kwa ukali wake. Na siku ya harusi ya mwanakwaya, tulipomaliza kupika pale jiko la kanisa, akina mama wamebeba mabegi yao wanaondoka, mimi nikajikuta nimesimama mlangoni nimetanua mikono nasema, "Hatoki mtu hapa mpaka visu vitimie!" Kule ndani, shangazi, kisu kimoja kikikosekana hakuna anayekwenda kulala. Nikavihesabu, vikawa kumi na vitatu badala ya kumi na vinne, nikawarudisha wote jikoni, mke wa mzee wa kanisa akatoa kisu kwenye begi kwa hasira akasema, "Hiki ni changu, nilikuja nacho kutoka kwangu!" nami nikamjibu, "Kimeingia, kihesabiwe, ndipo kitoke." Nilitaka ardhi inimeze. Lakini unajua walifanya nini? Wakasema haijawahi kutokea visu vya kanisa visipotee, huyu ndiye tunayemtaka, na mwezi uliofuata wakanichagua kuwa kiongozi wa jiko, kura zote, hata ya mwenye kisu.

Basi sikia sasa. Mama Mchungaji ana binti wa dada yake, amemaliza shule, anapenda kuoka kuliko kula, na Mama Mchungaji akanishika mkono baada ya ibada akasema, "Mwanangu, nipe anwani ya kile chuo chako, tumpeleke huyu." Nikasema nitaitafuta. Wiki ya pili nikasema bado naitafuta. Wiki ya tatu akasema, "Hata jina tu nipe, tutaulizia wenyewe," na shangazi, sijui ulimi wangu ulipatwa na nini, nikasema chuo kimefungwa. "Kimefungwa kwa nini?" Nikasema kiliungua.

Nilikichoma chuo! Chuo ambacho hakijawahi kuwa na hata tofali moja! Na Mama Mchungaji, kwa ule moyo wake, Alhamisi kwenye maombi ya akina mama alisimama akasema kuna chuo kimepata ajali ya moto, kile kilichotuletea dada yetu, tukiombee, na akina mama arobaini wakapiga magoti wakawaombea walimu wapate kazi nyingine, wakaombea majeruhi, na mmoja akalia kwa uchungu, na mimi nilikuwa katikati yao nimefumba macho nasema Amina. Sasa wanakusanya sufuria za kukipelekea. Sufuria tisa ziko stoo ya kanisa hivi sasa, nimeziona kwa macho yangu. Na yule binti, nimesikia alilia siku mbili, maana alikuwa ameshaweka moyo wake kwenye chuo hicho.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ni ya akina mama, nami nitasimikwa, na kiongozi mpya ni lazima atoe ushuhuda, aseme Mungu amemtoa wapi. Nikimwambia mama, anasema, "Ukisema, uso wangu nitauweka wapi? Mimi ndiye niliyesema, watasema mama ndiye mwongo." Na mimi najiuliza, tunafundishwa kwamba aliye ndani ya Kristo ni kiumbe kipya, ya zamani yamepita, sasa kama yamepita kwa nini niyafukue? Nikae kimya, au nihamie kanisa lingine, au nifanyeje? Nimefika mahali nikisikia mtu anasema neno chuo nakimbilia jikoni kuhesabu visu. Usinifiche, shangazi, nigombeze ukitaka, lakini nisaidie.

Ni mimi,
Aliyechoma Chuo.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Nilipofika kwenye majeruhi ilibidi niweke barua chini nitafute leso, na wenzangu ofisini wakaja kuuliza nani amefariki. Nimecheka, sikufichi. Sasa nimemaliza kucheka, kaa hapa tuongee.

Umeniomba nikugombeze, basi pokea. Kuiba mashuka ya wagonjwa ni jambo baya. Kuna mtu alilala juu ya godoro tupu kwa sababu ya mapazia yako ya kijani. Hilo ulihukumiwa, ukakaa miezi yako kumi na minane, ukatubu, Mungu amekusamehe, na mimi ni nani hata nilirudishe mezani? Limekwisha. Lakini chuo hukukichoma ukiwa mwizi wa mashuka. Umekichoma juzi juzi, ukiwa umeokoka, umebatizwa, kiongozi wa jiko, na Biblia mkononi. Hilo ndilo la leo, na ndilo unalotakiwa kutubu leo.

Halafu unaniletea habari za kiumbe kipya! Ehe, umeshika andiko zuri ukalitumia kama pazia. Ya zamani yamepita maana yake hayana mamlaka juu yako tena, hayakuiti kwa namba, hayakusimamishi wima mtu akiingia jikoni. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kiumbe kipya apewe na historia mpya ya kubuni. Mbona mtume aliandika barua zake akiwa na minyororo, na akasema wazi kwamba ana minyororo? Hakuwaandikia watu kwamba yuko semina. Na wale akina mama waliokuwa wanakuja Jumamosi, je, walikuja chuoni? Walikuja gerezani, wakakukuta gerezani. Ukiificha ile sehemu, umemficha na Yesu aliyekufuata mle ndani, na umemficha yule mama asiye na meno, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayestahili kusimikwa.

Najua kinachokutisha. Unadhani wanampenda mhitimu wa chuo, na siku akijulikana mfungwa watampokonya upendo wao. Hebu niambie, ni nani aliyesimama mlangoni akazuia wanawake wazima kwa ajili ya kisu kimoja? Mhitimu wa chuo gani anafanya hivyo? Waliyempigia kura ni wewe, binti, wewe mwenyewe na gereza lako lote, isipokuwa hawajajua jina la mahali ulipoupata huo ukali. Na Mungu je, yeye alikudhani mhitimu? Alikuita binti yake ukiwa umevaa sare ya mfungwa, hukuwa na cheti wala sufuria. Basi hilo ndilo jina lako. Mengine yote ni habari tu za huko ulikopita.

Kuhamia kanisa lingine futa kabisa. Utafika huko watakuuliza umejifunzia wapi kuoka, na kwa jinsi ninavyouona ulimi wako, utachoma na chuo kikuu.

Sasa nisikilize, na usiruke hatua. Anza na mama yako, leo, gazeti hili likiwa bado mkononi. Usimwombe ruhusa, mpe shukrani. Mwambie, "Mama, ulinisitiri wakati sikuwa na pa kujificha, ahsante, sasa naweza kusimama mwenyewe." Yule mama hakudanganya kwa ubaya, aliulizwa na majirani akiwa na jeraha bichi, na amebeba uongo wako kwa miaka minane kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake. Atalia, muache alie. Akiuliza uso wake atauweka wapi, mwambie auweke karibu na wako, benchi la mbele. Na umwahidi kwamba ukisimama utasema wewe ndiye uliyeiba na wewe ndiye uliyeunguza, ya kwake atayasema mwenyewe akitaka.

Kesho nenda kwa Mama Mchungaji, nyumbani kwake, mchana, peke yako. Usimpelekee mkate. Nakujua, utataka kwenda na mkate ili umlainishe, nakataza. Nenda mikono mitupu, umwambie maneno mawili ya kwanza kabla hajakukaribisha chai: nilikuwa gerezani. Ukisubiri chai utaanza kuzungumzia hali ya hewa. Haiwezekani yeye akasikia habari hii kwenye kipaza sauti pamoja na wageni, huyo mwanamke amepiga magoti kwa ajili ya majeruhi wako. Anaweza kukasirika, na ana haki. Anaweza kukwambia uongozi usubiri kidogo, nao usubiri, utakandia unga kama kawaida. Msamaha unaombwa, binti yangu, haudaiwi. Lakini mimi nina miaka mingi katika kazi hii, na mwanamke anayecheka mpaka anashika ukuta kwa kuitwa afande, huyo nitashangaa sana akikufukuza.

Zile sufuria tisa zirudishe kwa wenyewe, mlango kwa mlango, na kwa kila mlango useme kwa nini. Ndiyo, kila mlango. Utaona aibu mlango wa kwanza, mlango wa pili utatetemeka, kufika wa sita utakuwa unasimulia mpaka na wewe unacheka. Kama kuna mwenye sufuria atakayekufungia mlango, iache sufuria kibarazani na uende wa saba. Na ukimaliza muulize Mama Mchungaji kama kanisa lenu linaweza kuanza kwenda kule ndani Jumamosi. Wako wanaohitaji sufuria kweli, na wako wanaosubiri kuulizwa majina yao.

Yule binti aliyelia siku mbili umemkosea, tena yeye hajui hata amekosewa nini. Mfuate umwombe radhi mwenyewe, si kupitia kwa mama yake mdogo. Kisha, kama wazazi wake wakishajua yote watakubali, mfundishe. Unajua kuoka, unaijua kazi, kinachokosekana ni mtu wa kuipokea. Ila kabla hujaanza, tafadhali, jifunze kuoka keki ya watu kumi.

Ushuhuda wenyewe uwe mfupi. Hukuitwa kujianika, na kanisa halikuombi orodha ya mashuka. Sema nilikosa, nilifungwa, nikakutwa huko na Yesu, nikarudi nikadanganya kwa kuogopa, nisameheni. Basi. Wapo watakaonong'ona, hata mbele ya madhabahu watu hunong'ona. Waache wanong'one habari ya kweli, angalau safari hii haitakuwa na moto.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini nimekaa na barua yako siku mbili na kuna jambo halinitoki rohoni.

Baba yangu alifungwa nikiwa darasa la tano. Nyumbani tuliambiwa tuseme amesafiri kikazi, nasi watoto tukasema hivyo, mpaka tukajua na jina la kampuni. Alirudi mtu mwingine kabisa, mtu wa sala, asubuhi namkuta amepiga magoti pembeni ya kitanda. Ila kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango kwa miaka kumi na tisa, akiogopa kwamba siku moja mtu atamwuliza habari za safari. Na alikuwa na sauti, binti yangu, sauti nzito nzuri mno, tuliisikia akiwa anaoga, jirani akizima redio amsikilize. Kwaya ilimwita mara mbili, mara zote akasema anakohoa. Tulipomzika, mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu mpole ambaye hakupenda kuimba. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Nilitaka kusimama niseme si kweli, baba yangu alipenda kuimba kuliko kitu chochote, alikuwa anaona aibu tu. Sikusimama, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa kuulizwa.

Majirani zangu wanasoma gazeti hili, na watu wa kanisani kwangu wanalisoma, na mpaka asubuhi ya leo hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anajua. Sasa wanajua wote. Baba yangu alikuwa mfungwa, na alikuwa mtoto wa Mungu, na alijua kuimba. Mimi nimeshasimama, binti yangu. Simama na wewe.